Zamu ya Burul

Katika kijiji cha Kara-Tal zamu haiulizi kabila. Mtaa wa chini una nyumba ishirini na nane: za Wakirigizi, za Wadungani wenye asili ya Uchina, za Waturuki wachache, na ile ya Bibi Lida, Mjerumani pekee aliyebaki baada ya ndugu zake wote kufunga mizigo na kurudi kwa mababu zao. Kila nyumba hutoa mtu mmoja wa kuchunga ng'ombe wa mtaa mzima kwa siku moja, kisha zamu inahamia nyumba ya pili, na daftari la zamu analo Turat. Sheria ni moja na hata mtoto anaijua. Ng'ombe wa mwenzako akifa kwa uzembe wako, unatoa wa kwako.

Burul alikuwa na ng'ombe mmoja tu, wa madoadoa, jina lake Ala. Mumewe yuko Urusi anapaka rangi majumba ya watu, na pesa zake zikija zinakuja kwa kuchechemea. Watoto watatu wa Burul walikuwa wakila mikononi mwa Ala, kama ng'ombe angekuwa na mikono.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano zamu ilikuwa yake. Mvua ilinyunya alfajiri ikaacha kila jani limelowa. Burul alikuwa amewafikisha ng'ombe mteremkoni, karibu na shamba la lusani, majani ya kulishia mifugo, la Yaku Mdungani, simu ilipolia. Ni Nazik, binti wa ami yake.

"Dada, uko wapi? Sanduku la bi harusi linafunguliwa sasa hivi! Shali za hariri, mapazia, mablanketi mpaka darini. Usipokuja utabaki kuhadithiwa."

"Niko na ng'ombe, Nazik."

"Ng'ombe wana macho, wanaona njia. Njoo hata nusu saa unywe chai."

Tusimlaumu mtu kabla ya kumjua. Burul hakuwa mzembe. Alikuwa mwanamke ambaye kwa miaka minne hakuna aliyemfungulia sanduku lolote, na alitamani kushika hariri kwa mikono yake, basi. Alitundika chupa yake ya chai kwenye nguzo ya ua wa Yaku, apate kukimbia vizuri, akashika njia ya kwa Nazik. Nusu saa ikazaa saa nzima na ushee. Wanawake sita walikunywa chai, wakapapasa shali, wakamsema mama wa bi harusi, na Burul alipoinuka Nazik alimjazia mfuko peremende za watoto.

Aliporudi, ng'ombe walikuwa barabarani wakihema. Waya wa ua wa Yaku ulikuwa umelala chini, na lusani imekanyagwa na kuliwa mpaka katikati ya shamba. Kuna mtu alikuwa ameshawafukuza. Zorka, ng'ombe wa Bibi Lida, alisimama peke yake miguu imetanuka, ubavu wa kushoto umefura kama ngoma. Burul alijua mara moja. Kila mtu Kara-Tal anajua lusani mbichi yenye maji humjaza ng'ombe hewa hadi afe.

Alimswaga Zorka hadi kwenye geti la Bibi Lida, na huko ng'ombe akalala chini asiinuke tena. Watu walijaa. Bibi Lida, kikongwe mfupi wa mabuti ya mpira, alipiga magoti akamshika sikio. "Zorka, binti yangu, amka. Amka mama, nani atanisikiliza jioni?"

Ndipo Yaku alipofika mbio, mkononi ana kisu chembamba cha kukatia vitunguu.

"Mtoboeni hapa, ubavuni! Hewa itatoka, atapona! Wamekula lusani yangu!"

Turat alimzuia kwa kifua. Turat ana kifua kipana na sauti pana zaidi. "Ngoja wewe. Kama ni sumu, kumtoboa ni kummaliza. Burul, zamu ni yako. Waliingia kwenye lusani?"

Hapo ndipo nafasi ilipokuwa. Neno moja, "ndiyo," na kisu kingeingia, na hewa ingetoka. Burul alifungua mdomo alitoe. Kisha akamwona Ala nyuma ya watu, anatafuna taratibu, hana habari.

"Hapana," alisema. "Walikuwa mteremkoni muda wote. Sikuwaacha hata kidogo."

"Mmesikia?" Turat alimgeukia Yaku. "Mwenye zamu anasema hawakuingia. Na mimi mwenyewe nimekuona kwa macho yangu unawafukuza kwa fimbo kando ya vitunguu vyako, hapo hapo mteremkoni. Jana ulipiga dawa vitunguuni, hukupiga?"

"Nilipiga. Lakini vitunguuni hawakufika, Kaka Turat. Walikuwa kwenye lusani."

"Nyinyi Wadungani hata kivuli mnakipiga dawa. Na povu lote hili mdomoni ni la nini? Amekula sabuni?"

Watu wawili watatu walicheka. Turat akauliza tena, kwa upole sasa, kama mtu anayemsaidia mwenzake kuvuka mtaro: "Burul, inawezekana alilamba dawa?"

"Labda," alisema Burul.

Yaku alimtazama. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Dada Burul," akangoja. Burul alitazama mabuti ya Bibi Lida. Mkono wake ulikuwa mfukoni, umezikaba zile peremende hadi karatasi zake zikalia. Wanawake watano waliokunywa naye chai walikuwa pale pale, wamejipanga kwenye ukuta, na kila mmoja alijua. Hakuna aliyefungua kinywa.

Zorka alimwagiwa maziwa kooni kama ng'ombe aliyekula sumu. Adhuhuri haijaadhiniwa, akafa. Kwa kuwa ilikuwa "sumu", nyama haikuliwa. Mzoga wote ulifukiwa nyuma ya mfereji, na Bibi Lida alisimama pale hadi koleo la mwisho, mikono imening'inia, haina ng'ombe wa kukamua.

Jioni ile Burul alikuta kitu kimening'inia kwenye geti lake. Ni chupa yake ya chai. Imesuuzwa, kifuniko kimekazwa. Alikuwa ameisahau kwenye nguzo ya Yaku, palepale ng'ombe walipoingilia. Yaku angeweza kuibeba hadi kwa Bibi Lida na kuinyanyua watu wote waone. Badala yake aliiosha akaileta. Burul aliingia nayo ndani, akaificha nyuma ya gunia la unga, akakaa sakafuni. Alitamani Yaku angemtukana. Tusi lina jibu.

Wakubwa wa mtaa walikaa, wakasema lusani iliyokanyagwa haishindi neno la mwenye zamu, wakaamua: Yaku amlipe Bibi Lida, na nyumba yake ifutwe katika daftari, ang'ang'ane na ng'ombe wake mwenyewe. Yaku alimleta mtamba wake kwa kamba, mchana kweupe, akamkabidhi kikongwe.

"Bibi, huyu simleti kwa sababu nilimuua Zorka. Namleta kwa sababu huna ng'ombe."

Bibi Lida alipokea kamba. Burul alikuwa dukani ng'ambo ya barabara, akasikia kila neno, akanunua chumvi ambayo hakuihitaji.

Nazik alikuja kumtuliza. "Nyamaza tu, dada. Sisi tuliokuwa kwangu ni damu moja, nani atakuchongea? Yule ana mashamba, hatakufa njaa."

"Ahsante," alisema Burul. Na alipojisikia anashukuru, alijichukia kuliko siku ya kwanza.

Kuanzia hapo kila asubuhi alimwona Harsa, mke wa Yaku, akipita kando ya mfereji na ng'ombe wao aliyebaki, kamba mkononi, kutwa nzima, na vitunguu vinangoja palizi. Huyu ndiye Harsa aliyesimama siku mbili jikoni kwa Burul akivuta tambi kwa mikono, mama mkwe wa Burul alipofariki. Ndiye aliyemletea kila vuli gunia la vitunguu na kulitupa getini akisema, "Chukua, vinaoza," kumbe havijaoza hata kimoja. Sasa walipokutana Harsa alisema "Hujambo" kama kawaida, lakini hakusimama. Burul alibadilisha njia. Akawa anateka maji saa sita mchana, jua kali, wakati hakuna mtu mferejini.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Burul ilikuwa na urefu wa nyumba ishirini na saba. Zamani ingekuwa ishirini na nane, lakini nyumba ya Yaku ilikuwa imefutwa, kwa hiyo zamu yake ilimrudia siku moja mapema. Turat alipompitia kumkumbusha alisema kwa utani, "Unaona, tumekuondolea Mdungani mmoja, na wewe unachunga zaidi!" Akaondoka anacheka. Burul aliingia zizini, akaweka paji la uso kwenye ubavu wa Ala, akalia, na aliponyanyuka alikuwa ameamua.

Asubuhi mchungaji hupita geti kwa geti akiita, "Toeni ng'ombe!" na ng'ombe hutolewa. Burul alianza nyumba ya juu kabisa. Alikuwa na Ala kwa kamba, jambo lisilo la kawaida, kwa maana Ala hufuata mwenyewe.

"Toeni ng'ombe!" aliita. Mwenye nyumba alipotoka, Burul alisema haraka kabla ujasiri haujamkimbia: "Waliingia kwenye lusani. Siku ile. Mimi sikuwapo, nilikwenda kunywa chai. Yaku hakuwa na kosa."

Burul akaenda geti la pili, akasema vilevile. La tatu. Alidhani aibu itapungua kadiri anavyosema, kama ndoo inavyopungua kwa kumwagwa. Haikupungua. Kila geti lilikuwa na macho mapya. Mmoja alitema mate chini. Mama mmoja wa Kituruki alisema, "Lo, Burul, hata wewe?" na hilo lilichoma kuliko mate. Kwa Nazik mlango ulifunguliwa nusu.

"Umerukwa na akili? Na sisi watatuonaje?"

"Kama tulivyo," alisema Burul. "Toa ng'ombe."

Turat alisikiliza akiwa na taulo shingoni, uso umemwiva. Sauti yake pana ilikuwa imepotelea mahali. "Si ungeniambia chemba?" alinong'ona. "Nimemsukuma mtu mbele za watu. Nimemzuia na kisu chake."

"Ulimzuia kwa neno langu, kaka."

Geti la Bibi Lida aliliogopa kuliko yote. Kikongwe alitoka na mtamba wa Yaku, kamba mkononi. Burul alisema yote, bila kuruka hata zile peremende. Bibi Lida alizungusha kamba kiganjani.

"Yaku alipokuja na kile kisu," aliuliza, "angepona?"

Burul angeweza kusema "labda". Neno lilikuwa tayari, analijua lilivyo laini ulimini.

"Angepona, bibi."

Bibi Lida alitikisa kichwa polepole. Kisha akamgeuza mtamba. "Huyu leo hatoki," alisema, akafunga geti, na Burul akasikia komeo likiingia.

Nyumba ya Yaku ilikuwa ya mwisho, na kwenye daftari haikuwapo. Burul alisimama mbele ya geti, kundi zima limejaa barabara nyuma yake, wengine wanalia kwa njaa. "Toeni ng'ombe!" aliita. Akaita tena.

Yaku na Harsa walitoka pamoja. Bila shaka habari zilikuwa zimeshapita ua kwa ua kabla yake, kwa sababu hawakuuliza kitu. Burul alirudia maneno yale kwa mara ya ishirini na saba, akanyoosha kamba ya Ala.

"Badala ya mtamba wenu. Sina cha kusema kingine. Na chupa... uliiosha."

"Ilikuwa na tope," alisema Yaku.

Harsa alimtazama mumewe, kisha Ala, kisha watoto watatu wa Burul waliokuwa wakichungulia kutoka mwisho wa barabara. Burul aliona huruma inamjia usoni, akaiogopa. "Mpokee, dada," aliomba. "Tafadhali. Usinisamehe leo, mpokee tu."

Harsa akapokea kamba.

Yaku aliingia zizini, akatoka na ng'ombe wake, akamwachia katikati ya kundi. Kisha akamfungua Ala kamba ya shingoni, akampiga kofi dogo mgongoni naye aende na wenzake.

"Hawa wawili ni wangu," alisema. "Zamu ya nani leo?"

"Yangu."

"Basi wachunge. Umande bado haujakauka."

Kutwa ile Burul hakukaa chini. Alisimama kati ya ng'ombe na lusani, na simu aliiacha nyumbani. Jioni aliwarudisha, na kama ilivyo kawaida kila ng'ombe akakata kona kuelekea kwao bila kuambiwa. Ng'ombe wa Yaku akaingia kwa Yaku. Ala akapita geti lile wazi, akaendelea moja kwa moja hadi kwa Burul, akasimama mbele ya mlango aliouzoea, kiwele kimejaa, akalia aingizwe.

Watoto walitoka na ndoo. "Mama, amerudi!" alisema mdogo, akamkumbatia Ala mguu.

Barabara ilikuwa imejaa watu, kila mtu getini kwake anapokea mifugo. Burul alivua mtandio wake, akaufunga shingoni mwa Ala.

"Mwache," alimwambia mtoto. "Si wetu." Akamgeuza, akamwongoza kurudi katikati ya barabara, kichwa wazi, geti baada ya geti, mpaka kwa Harsa aliyekuwa amesimama na ndoo yake.