Kikohozi Chini ya Rangi

Msusi alikuwa amefika nusu ya kichwa cha mteja, kitana kimebanwa midomoni na vidole vinameremeta mafuta, mwanawe alipokohoa kitandani. Mtoto alikuwa mchanga bado, hata kukaa hajajua. Walimwita Kibonge tangu siku muuguzi alipompima akaguna kwa uzito wake, na sasa kikohozi chake kilikuwa kizito kuliko yeye mwenyewe. Alipomaliza kukohoa, ukuta ulio ubavuni mwa kitanda nao ukakohoa.

"Ukuta wako una kifua," alisema mteja, akigeuza shingo.

"Tulia bwana, utaniharibia mstari."

Ukuta ule ulianza kukohoa mvua zilipoanza. Nyuma yake lilikaa tangi la maji la mwenye nyumba, likivuja, na doa la ukungu lilikuwa limepanda kutoka sakafuni hadi usawa wa mto. Msusi alilifuta kwa sabuni, akalifuta kwa siki, akalifuta kwa matusi. Kesho yake lipo. Angehamisha kitanda, lakini hakikuingia upande mwingine, mlango ungegoma kufunguka. Kwa hiyo Kibonge alilala kati ya mama yake na ukuta, asije akaanguka.

Kliniki, muuguzi alimvua Kibonge fulana, akamtazama kifua kikipanda na kushuka. Kisha akamwonyesha Msusi pa kuangalia.

"Hapa chini ya mbavu, dada. Pakibonyea ndani anapovuta pumzi, au akikataa kunyonya, usimsubiri baba yake, usimsubiri mtu yeyote. Mlete. Nyumbani kuna unyevu?"

"Kuna ukuta unakohoa."

"Basi mtoeni hapo," alisema muuguzi, akaita mwingine.

Tangu hapo Msusi hakufanya kazi ya maana. Jicho moja kwa mteja, jingine kwenye mbavu, na mistari ikaenda upogo. Mtoto akikohoa, aliogopa. Akinyamaza, aliogopa zaidi. Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, alimwambia anajitia presha bure. Jioni ileile Msusi akamkuta mumewe huyo amepiga magoti kando ya kitanda, buti za kazini bado miguuni, sikio kwenye kifua cha mwanawe.

Mwenye nyumba alipoitwa kwa ajili ya tangi, alikuja na fundi rangi.

"Mzee, kinachovuja ni tangi," alisema baba Kibonge.

"Tangi nitaliangalia, kijana wangu. Kwanza tuupendezeshe ukuta."

Akaenda zake, akaacha harufu ya manukato.

Fundi rangi alizoea kupaka juu kwa juu, ndivyo alivyoagizwa miaka yote. Safari hii rangi ilikataa kushika, ikabidi akwangue. Msusi alikuwa akisuka kando yake. Rangi ya maziwa ikabanduka, chini yake ikatokea ya kijani, na ile ya kijani ikakohoa, kikohozi kikavu cha mtoto wa kike.

"Huyo wa yule mwalimu," alisema fundi, mkono haukusimama. "Kalikuwa katundu hako. Walihama."

Chini ya kijani kulikuwa na waridi, nayo ikakohoa mpaka ikatema maji kidogo sakafuni.

"Mapacha hao. Akianza mmoja, wote."

Chini ya waridi kulikuwa na bluu. Bluu haikukohoa. Ilivuta pumzi ndefu, ya kujikaza, na Msusi akasubiri iitoe. Haikuitoa.

"Na huyu?" aliuliza.

Fundi rangi alifuta jasho. "Huyu ndiye niliyeanza naye kazi nyumba hii. Niliambiwa nipake upesi, kuna wapangaji wanaingia."

Msusi akageuka kitandani. Chini ya mbavu za Kibonge palikuwa pamebonyea. Akampa titi, mtoto akalikataa, akageuza uso. Hakusubiri mtu. Alimkumbatia akatoka mbio, na mteja akamfuata na nusu kichwa chake, akiwashikia mwavuli.

Kliniki walimwekea Kibonge mpira wa oksijeni puani. Msusi alikaa kando akivuta pumzi pamoja naye, maana alihisi akiacha yeye, na mtoto ataacha. Alilia mbele za watu wala hakuona haya. Mwishowe mbavu zilitulia, mtoto akanyonya, akambana mama yake kwa ufizi kwa nguvu, na Msusi akamshukuru Mungu kwa maumivu yale. Kule chumbani hawakurudi. Wifi yake aliwapisha sebuleni kwake, na kifua cha Kibonge kikakauka kabisa.

Kilibaki kule kioo chake cha kazi. Msusi alipokifuata, alikuta wapangaji wameshaingia. Ukuta ulikuwa mweupe pe, unanuka rangi, na nyuma yake tangi lilikuwa likidondosha maji kama kawaida. Mama mmoja kijana alikuwa akikunja nguo. Mwanawe alilala kitandani, upande wa ukutani, asije akaanguka.

Ukuta ukakohoa, kikohozi kizito. Msusi alikijua. Maziwa yakamtoka yakalowesha blauzi, ingawa Kibonge alikuwa mgongoni mwake, amelala fofofo, pumzi yake nyepesi ikimpiga shingoni.

"Kumbe hicho kikohozi ni cha huyo?" aliuliza yule mama kijana. "Fundi alituambia kuna kimoja kimebaki."

"Ni chake. Mdogo wangu, nakuomba, usimlaze mtoto upande huo."

"Ningependa, dada. Kitanda hakiingii upande mwingine."

Akamfungia kioo kwenye kitambaa, kisivunjike njiani. Uani, fundi rangi alikuwa ameketi juu ya ndoo akiosha brashi zake; wakasalimiana.

Msusi alikuwa hajafika getini aliposikia kikohozi kingine, chembamba, kipya, kutoka kitandani, na ukuta ukikijibu. Maziwa yakamtoka tena.