Ukili wa Biubwa

Ndoto zangu nyingi huwa naziacha palepale kwenye mto, lakini hii ilinifuata hadi jikoni, kwa hiyo nawaandikieni kama ilivyokuwa. Kwetu tunasuka mikeka. Kila mtu anasuka ukili wake, ule utepe mrefu wa majani ya miyaa, kisha kili zinashonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka unaenea. Mimi nakaa kwa shangazi yangu, Bi Mize. Bintiye Biubwa alipotea baharini miaka minne iliyopita, chombo kilipozama, na maiti yake haikuonekana. Watu walikaa matanga siku tatu, yakaanuliwa, wakaenda zao. Kilichobaki cha Biubwa ni ukili alioukatiza siku ya safari, nao shangazi aliukunja duara akautundika kwenye msumari wa chumbani, na miyaa ya mwisho ikining'inia haijasukwa. Hakuna aliyeugusa. Mimi niliugusa. Shangazi alikuwa amelala kwa wifi yake, watu wakaja mbio kutaka mkeka wa kuzikia, na mkeka wangu ulipungua ukili mmoja.

Shangazi aliporudi kesho yake alisimama mlangoni akasema, "Mosi, msumari uko mtupu." Nami, sindano mkononi kwenye mkeka mwingine, bila kuinua macho, nikamjibu, "Sori shangazi, nitakusukia mwingine." Hakunigombeza. Aligeuka tu akatoka. Usiku hakula, asubuhi hakula, na mimi nikashinda nikimtazama mgongo wake, mpaka mchana nguvu zikaniishia nikajilaza juu ya mkeka nusu. Wazee husema usingizi wa kukaribia alasiri si mzuri. Ulinichukua hivyo hivyo.

Nikajiona katika nchi tambarare ambayo nyasi zake zote ni miyaa mibichi isiyokatwa, upepo unaipitia na inalia kama watu wanaonong'ona msibani. Mkononi nina mkeka wenye tundu refu la upana wa ukili, na kila nikipiga hatua tundu linazidi kufunguka. Akanijia msichana wa rika langu, kanga ameivuta hadi kwenye nyusi, akaniambia jina lake ni Haya. "Mwenzangu, unakwenda wapi na mkeka uliopasuka jicho?" Nikamwambia nakwenda kuuziba. "Utauziba kwa kitu gani?" Kwa neno, nikasema, lile tulilofundishwa darasa la tatu kwamba ukimkosea mtu useme sori. Hakucheka. Akasema polepole, "Basi twende kwake, ukamjue uliyemtuma."

Nyumba ya Sori ilikuwa milango mitupu, haina ukuta hata mmoja, na yeye kijana mtanashati, jasho linamtiririka, anakimbia mlango hadi mlango. Aliyemkanyaga mwenzake alimwita, aliyechelewa alimwita. Asiyesikia alimwita kwa kukunja uso, ili aambiwe tena. Mwenye duka alimwita kusema sukari imekwisha, mwenye chumba kusema hatupangishi, na mama aliyefiwa akaitiwa yeye yuleyule, kwa mbio zilezile. Nikamshika mkono. "Jana nilikutuma kwa shangazi yangu."

"Jana? Dada'ngu, jana nilitumwa mpaka visigino vikapasuka. Nilifika?"

"Ulifika. Alikuwa mlangoni."

"Ulinipa nini nibebe?"

Nikauachia mkono wake.

"Unaona! Nafika mikono mitupu, halafu lawama zangu. Kwetu nilikozaliwa wapo wanaonitwisha huzuni yao yote, nikaibeba nikaifikisha bila kumwaga. Nyinyi mnanipenda kwa kuwa mimi mgeni, siwachomi ulimi."

Nyuma yake alikaa mwanamke mnene, uzi kauuma kwenye meno, anashona bila kuangalia anachoshona. Nikamjua kabla hajasema: Haraka. "Mwache mtoto wa watu!" akapayuka. "Maiti ilikuwa inangoja, angefanyaje? Si kasema atasuka mwingine? Miyaa si miyaa?" Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nataka kukaa karibu yake. Haya akanivuta.

Tukawapita jamaa zake Sori. Samahani alisimama penye msongamano, akiwafungulia watu njia kwa kiganja, mpole, lakini hakuingia ndani kwa mtu. Mbele kidogo, chini kabisa, alikaa Pole. Hakuwa na mkeka. Alikuwa amekaa kwenye udongo ubavuni mwa shangazi yangu, haombi kitu, haulizi kitu, anapumua tu kama anavyopumua yeye. Akaniinulia macho. "Siku tatu za matanga nilikuwa na wenzangu wengi. Tangu hapo nipo peke yangu. Wewe umelala chumba kimoja na ule msumari miaka minne, hukuniita hata mara moja."

Mwisho wa njia palikuwa na jiwe, na juu yake mwanamke asiye na miguu. Haya akashusha kanga yake, akasema, "Huyu ni Radhi. Msikilize."

"Mimi siendi kwa mtu," Radhi akasema. "Nafuatwa. Na anayenifuata hanijii na neno. Anakuja na jambo lenyewe, amelishika kwa mikono miwili, analitaja."

"Nikilitaja atalia."

"Analia sasa. Analia peke yake."

"Nikilitaja, utanipa?"

"Huenda nisikupe," akasema. "Utalitaja hivyo hivyo."

Nikafungua mdomo, nao ulikuwa umejaa miyaa. Nikavuta ukili, ukaja, ukaja, hauna mwisho, na ncha yake ikawa adhana ya alasiri, ikaniamsha.

Nilikaa kitako. Ndipo nilipoona kwamba shangazi hakuwa ameniuliza ukili umekwenda wapi kwa sababu anaogopa jibu, na mimi sikuwa nimesema kwa sababu namwogopa yeye. Lile neno langu lilikuwa kifuniko tu. Nikaenda jikoni. Alikuwa anamenya muhogo.

"Una alama ya mkeka shavuni," akasema.

"Shangazi, ukili wa Biubwa niliuchukua mimi. Nilijua ni wake. Nikauchukua hivyo hivyo, nikaushona kwenye mkeka wa maiti."

Kisu kikasimama. "Maiti ya nani?"

"Mzee Khatibu, ng'ambo ya bonde. Kazikwa nao juzi. Haurudi tena. Nimekukosea, shangazi, nakuomba radhi."

Kuku akaingia, akadonoa maganda, hakufukuzwa.

"Uliushona upande gani?"

"Wa kichwani."

"Na ile miyaa ya mwisho, iliyokuwa haijasukwa?"

"Niliimalizia mimi."

Akafunga macho. "Radhi leo sina, mwanangu. Usinikamue." Kisha akaufunika muhogo, akajitanda kanga. "Miaka minne watu wanakwenda makaburini siku ya Idi, mimi sina pa kwenda, nabaki nafagia uwanja. Inuka. Nipeleke alipozikwa huyo mzee."

Pale mlangoni alikata tawi la mrehani, la kumwekea marehemu. Nilikuwa nimeshatangulia nilipomsikia amesimama. Nikageuka. Alikuwa anakata la pili.