Mara ya Tatu

Kila Jumamosi asubuhi Benafsha alisukuma toroli la chai wodini, kuanzia kitanda cha mlangoni mpaka cha dirishani. Kwa Bibi Zewar alifika mwisho makusudi, maana pale palihitaji muda.

"Chai, Bibi?"

"Hapana, mwanangu. Wape wagonjwa."

"Kikombe kidogo tu?"

"Usijisumbue bure."

"Nimeshatia iliki."

"Haya basi, kama umeshatia," akasema Bibi Zewar, na mkono wake ulikuwa umeshatangulia.

Siku hiyo mkono ulibaki hewani. Simu ililia mfukoni mwa Benafsha. Alikuwa Bi Noreen Pascoe, mwenyekiti wa chama cha akina mama wa mjini, waliomfanyia usaili mwezi uliopita.

"Benafsha! Kamati imekuchagua wewe. Tutakulipia masomo ya uuguzi mpaka umalize. Unakubali?"

Uso ulimwaka moto. Akajibu kama ambavyo msichana yeyote wa kabila lao la Kihazara aliyefunzwa na mama yake angejibu: "Asante sana, Bi Noreen. Lakini huenda yupo mwingine anayehitaji kuliko mimi."

"Una hakika, binti?"

"Msijisumbue kwa ajili yangu."

"Una moyo wa pekee," Bi Noreen akasema, sauti imemlegea. "Basi nitawaeleza wenzangu. Tutakutana Alhamisi tumteue mwingine."

Simu ikakatika. Benafsha aliendelea kuishikilia sikioni.

"Nani huyo?" Bibi Zewar aliuliza.

"Wanataka kunisomesha, Bibi. Nimekataa mara mbili."

"Umefanya vizuri. Sasa atapiga tena. Nipe chai yangu."

Hakupiga. Jioni, jikoni kwao, mama alikuwa anakaanga bolani, mikate bapa yenye viazi ndani, naye pia akasema ngoja, atapiga. Aliyecheka ni Rukhshana, dada mtu, aliyekuwa ametoka kiwandani anakofungasha matufaha, vidole bado vina gundi ya vibandiko.

"Atapiga? Hawa ukiwaambia hapana wanasikia hapana! Njoo Jumatatu nikuonyeshe pa kutundika koti kiwandani."

"Rukhshana, mwache mwenzio," mama akasema.

"Simchokozi, Mama. Namtafutia kazi."

"Si ampigie yeye?" baba akasema kutoka sebuleni.

"Amwombe mtu kitu ambacho yeye mwenyewe amekikataa? Aibu hiyo utaibeba wewe?" mama akajibu.

Benafsha alikula bolani moja, akasukuma sahani. Mwaka mmoja nyuma asingeumia hivi. Mwalimu wake hapo Shepparton, mji waliohamia, alimwambia kamati za ufadhili huwapenda wanaojitolea, naye akaenda hospitali ili barua yake ya maombi ipendeze, basi. Wakati huo alitaka uhasibu, kazi ya kukaa peke yako na mlango umefungwa. Kusema na watu kulimtoa jasho.

Kisha akaletwa Bibi Zewar, amevunjika nyonga. Kila asubuhi Sista Bronwyn, muuguzi wa wodi, alimuuliza kwa ishara na kwa upole kama ana maumivu, na Bibi akatikisa kichwa, hapana, asante. Sista alimwamini, akapita. Sista akishapita, Bibi aling'ata pindo la mtandio wake mpaka machozi yakamtoka. Benafsha alivumilia kuyaona hayo Jumamosi mbili. Ya tatu alimfuata sista, akamwambia, huku akitazama viatu vyake, "Muulize mara tatu. Kwetu ndivyo ilivyo." Sista alirudi, akauliza mara tatu. Bibi Zewar alikunywa dawa, akalala usingizi wa kukoroma. Benafsha alirudi nyumbani kwa miguu, na uhasibu ulikuwa umemtoka kichwani.

Sasa, pale jikoni, Rukhshana alivuta kiti akaketi karibu naye. Safari hii hakucheka.

"Wewe kule wodini unawafundisha watu kumuuliza bibi mara tatu. Na wewe je? Nani atakwenda kumwambia yule mama akuulize tena?"

Benafsha aliinuka, akaanza kuosha vyombo.

Jumatatu alipotoka shuleni alipitia duka la mitumba la chama. Bi Noreen alikuwa nyuma ya meza, anakunja mashati.

"Benafsha! Umefika wakati mzuri. Nataka kumpigia yule msichana aliyekufuata kwenye usaili, nimdokeze tu." Akafungua kopo la biskuti. "Chukua moja."

"Hapana, asante," Benafsha akasema, kabla hajajua kama amesema.

"Haya." Bi Noreen akalifunika kopo, akalirudisha rafuni, akaanza kutafuta miwani yake na simu.

Benafsha alilitazama lile kopo. Vilikuwa vitu viwili sasa, masomo na biskuti, vilivyofunikwa mbele ya macho yake, na yeye mwenyewe ndiye aliyevifunika. Jasho lilimtoka mgongoni. Bi Noreen alipata miwani.

"Usimpigie," Benafsha akasema.

"Unasemaje, binti?"

"Lifungue tena kopo, Bi Noreen. Nilisema hapana, lakini biskuti nataka. Na masomo nayataka. Nayataka sana. Nataka kuwa muuguzi, nifanye kazi wodi ile ile. Ulipopiga simu nilikuwa nangoja uniulize mara ya tatu."