Pasi Yenye Taa Nyekundu

Kwa miaka kumi na moja Kitinda alijua kwa yakini kwamba ndiye aliyeunguza duka la ushonaji la mama yake. Picha ilikuwa waziwazi kichwani: mkono wake unaiacha pasi kifudifudi juu ya suruali, taa nyekundu inawaka, yeye huyoo anakwenda zake. Tangu siku hiyo hakushika mkasi, akaishia kupanga mafaili ofisini.

Sasa mama alikuwa amestaafu na meza ya kukatia ya duka jipya ilitaka mtu. Dada mkubwa akatoa sharti: Kitinda aombe radhi mbele ya familia, ndipo arudi.

Mshauri nasaha aliyekutana naye kila Jumanne hakumbembeleza. Alipiga mstari katikati ya karatasi.

"Wazo lako unaliamini kiasi gani katika mia?"

"Mia."

"Haya. Kushoto ushahidi, kulia vipingamizi. Hofu yako si ushahidi, usiiandike."

Kushoto akaandika: naiona, tena nilikiri.

"Ulikiri baada ya kuulizwa mara ngapi?"

"Dada alinishikia bango siku tatu."

"Liandike kulia hilo. Na pasi yenyewe ikoje?"

"Ya umeme, ina taa..." Kalamu ikasita. Duka lile lilikuwa na pasi ya mkaa.

"Usiniamini mimi wala kichwa chako," mshauri akasema. "Kaulize, ila usimtilie mtu jibu mdomoni."

Jioni akamkuta mama jikoni. "Mama, mwaka wa moto tulikuwa tunapiga pasi gani?"

"Ya mkaa. Ya umeme nilinunua duka jipya lilipofunguliwa."

"Nani alikuwa anaishika?"

"Mimi na dada yako. Wewe ulikuwa bado mwanafunzi wa kushona vifungo, mwanangu. Wa vifungo hagusi pasi, unajua sheria yangu."

Jumanne iliyofuata mshauri aliuliza tena: ngapi katika mia?

"Tano," Kitinda akajibu. "Na hizo tano ni za maneno ya dada."

Jumapili familia ilijaa sebuleni. Dada mkubwa akakohoa. "Haya, mdogo wangu, sema yaishe, chakula kinapoa."

Kitinda alisimama.

"Moto ulianzaje sijui, dada, na sikusingizii. Ila pasi ninayoiona kichwani haikuwepo dukani, na iliyokuwepo sikuruhusiwa kuigusa. Mama ni shahidi. Kesho asubuhi nakuja kukata vitambaa. Radhi siombi."