Mshono wa Shoto

Matanga yalikuwa yameisha, viti vya kuazima vimerudishwa, na dada wawili walikuwa chumbani wakigawana vitu vya marehemu mama yao. Mdogo alitaka kimoja tu: blanketi la viraka. Akalitandaza kitandani, akavaa miwani, akaanza kulikagua mshono mmoja mmoja kama mtu anayetafuta chawa.

Huyu mdogo nyumbani walimwita Shoto. Mama yao, fundi cherehani, aliwafundisha kushona viraka kwa mkono, kwenye sakafu ya chumba hikihiki: vipande vya sare za shule, mashati ya baba, mapazia yaliyochakaa. Dada mkubwa alishona kwa kulia, akasifiwa. Shoto akishika sindano kwa kushoto, anachapwa rula ya vidole. "Samaki mkunje angali mbichi," mama alisema. Na watoto wakishalala, alifumua kila alichoshona Shoto, akashona upya. Asubuhi mtoto anakuta kiraka kimenyooka, hakina hata mshono wake mmoja. We acha tu! Iliuma, na ukubwani akahamia mbali, akawa mtu wa kutuma salamu.

Basi leo alikuwa anatafuta mshono wake, hata mmoja. Mishono ya kulia hulalia upande mmoja, ya kwake hulalia wa pili, haiwezi kumpotea. Akapita viraka sitini, patupu. Alipofika kwenye ukingo wa chini, moyo ukamruka.

"Dada! Njoo uone! Aliuacha!"

Safu nzima ilikuwa imelalia upande wake, imepindapinda, mishono mirefu kwa mifupi, kazi ya mtoto hasa. Machozi yakamtoka. Kumbe miaka arobaini alimnunia mama wa watu bure!

Dada yake alitazama, kisha akakaa kitandani taratibu.

"Hiyo si yako," alisema. "Angalia kitambaa. Hilo si gauni langu la mwaka juzi?"

"Sasa kashona nani?"

"Mama. Kiharusi kilipompoozesha upande wa kulia, alikataa katakata nimshonee. Akashika sindano kwa kushoto, kila siku anajichoma vidole. Mwisho akasema, 'Niitieni Shoto aje anifundishe.'"

Shoto akavua miwani.

"Nilikupigia, mdogo wangu. Jumapili tatu mfululizo. Ukaniandikia umebanwa na kazi, nimsalimie."

Alikumbuka vizuri. Hakuwa na kazi yoyote. Alikaa sebuleni na simu mapajani, akaitazama ikiita mpaka ikachoka.

Safu ile iliishia katikati ya kiraka. Sindano ilikuwa bado imechomekwa palepale, uzi wake unaning'inia. Shoto akaishika kwa mkono wake wa kushoto, akaivuta. Kutu ilikuwa imeshaing'ang'aniza kitambaani, haikutoka.