Jiko la Darasa la Saba

Siku ya tatu hiyo jiko la darasa la saba halikuwashwa. Mwalimu Mavzuna aliligusa kwa kiganja, likawa baridi tii, akashusha pumzi. Huku milimani kila mtoto huja shule na kipande cha samadi kavu kwapani, ndizo kuni zetu. Darasa la sita, upande wa pili wa ukuta tu, walikuwa wanaota moto. Wanafunzi wake wamejikunyata ndani ya makoti, midomo imewapauka, wanamtazama. Watoto wana roho ngumu, jamani! Wako radhi wagande wao, mradi na mwalimu agande.

Alikuwa amechoka hadi kwenye mifupa. Tangu alfajiri alikuwa ameshakama ng'ombe, ameshamwogesha mama mkwe. Mumewe, Umed, alipiga simu wiki iliyopita kutoka Urusi: amempatia kazi katika kiwanda cha mikate, amfuate baada ya Navruzi, sikukuu yetu ya mwaka mpya mwezi Machi. Naye akakubali. Shuleni hakumwambia mtu, maana Septemba alisimama mbele ya watoto hawa hawa akaapa haendi popote. Mwalimu wa hesabu aliyemtangulia naye aliapa hivyo hivyo, na sasa anauza viazi huko huko Urusi.

Angeweza kwenda kushtaki kwa mkuu wa shule, wazazi waitwe, moto uwake kwa vitisho. Nguvu za ugomvi hakuwa nazo. Alivuta kiti, akaketi, akawauliza amewakosea nini.

Parvona, msichana wa dawati la mbele ambaye ndiye kinara wao, akasema bila kuinuka, "Mama mkwe wako kamwambia bibi yangu. Unaondoka. Sasa tukuwashie moto wa nini, mwalimu?"

Uso ulimwaka Mavzuna kwa aibu. Uongo mwingine ulimjia mdomoni, akaumeza.

"Ni kweli," alisema. "Naondoka baada ya Navruzi. Niliwadanganya, wanangu. Niliogopa mkijua mtaacha kunisikiliza."

"Mbona tulishaacha," mvulana mmoja akadakia kutoka nyuma, na wachache wakacheka. Hata yeye nusura acheke.

Parvona hakucheka. Alitoka nje, akarudi na vipande viwili vya samadi alivyoomba darasa la sita. Akapiga magoti kwenye jiko, akaanza kuwasha.

"Yule mwingine tulikuja asubuhi tukakuta hayupo," alisema akiwa amempa mgongo. "Wewe bado majuma mangapi?"

"Saba."

"Basi fundisha, mwalimu. Aljebra hatujui hata chembe, na baada yako hakuna anayekuja."

Mavzuna akainuka, akatafuta chaki.