Mazishi ya Uvimbe wa Kokubanza

Kokubanza wa Kimwani aliwahi kuhudhuria mazishi yake mwenyewe, akakaa mbele na kuwakosoa waliolia vibaya.

Ilikuwa miaka ile ya Ukimwi, watu walizika mpaka jembe likawa kama mkono wa tatu. Mjane huyu alipokatwa uvimbe wa titi hospitalini Bukoba, shemeji yake Byarugaba, mkubwa wa ukoo, alikwenda na kikapu kudai kilichokatwa.

"Mtu wetu halali nje ya kibanja cha ukoo," alimwambia nesi, "hata akiwa kipande."

Nesi alichoka kubishana, akampa chupa iliyozibwa kwa plasta, uvimbe ukielea ndani ya dawa ya kuuhifadhi. Byarugaba akaizika migombani. Nyasi za msiba zikatandazwa sebuleni, majirani wakaja, wakalia kidogo, wakanywa sana lubisi, pombe ya ndizi.

Kokubanza aliporudi hospitalini kufunguliwa nyuzi, daktari Mushumbusi akauliza, "Uvimbe uko wapi?"

"Umepumzika, waitu daktari. Tuliuzika kwa heshima."

Daktari akashika kichwa. Akamweleza kwamba chembe za saratani huwa na protini zinazopokea amri ya kukua, kama masikio. Uvimbe mwingine una masikio mengi, mwingine kiziwi. Wenye masikio una vidonge vya kuyaziba usisikie tena. Kiziwi ukiupa vidonge hivyo, ni kuliimbia jiwe.

"Bila kuupima sijui wako ni upi. Na kama mbegu zake zimebaki mwilini, hazitatungoja."

Kokubanza hakupitia hata sokoni. Alimkuta Byarugaba akipogoa migomba.

"Kufukua kaburi? Ma Kokubanza, umelogwa!"

"Shemeji, fukua kipande leo, au uje uzike kilichobaki. Na kilichobaki kina makalio, utachimba mpaka ulie."

Byarugaba akautazama mwili huo, akachukua jembe. Akachimba huku, hamna kitu. Akachimba kule, akakata mizizi ya mgomba mzuri. Jasho likamtoka.

"Umesahau!" Kokubanza alimaka.

"Tumezika wengi, Ma. Na siku ile nilikuwa... na majonzi."

"Majonzi ya mtungi! Ondoka hapo. Pale, chini ya mgomba ulioinama. Siku ile mimi peke yangu ndiye niliyetazama kaburi. Ninyi mlitazama lubisi."

Chupa ikatoka, plasta bado imeng'ang'ania, dawa haijavuja. Kokubanza akaikumbatia kama mtoto aliyepotea gulioni, akapanda nayo basi la Bukoba.

Majibu yalichelewa kuja kutoka mbali, lakini yalikuja: masikio tele. Kokubanza akarudi Kimwani na vidonge vyake.

Nyasi mpya zilikuwa zimetandazwa sebuleni.

"Kipande kiko wapi tukirudishe?" Byarugaba aliuliza.

"Kimebaki kwa daktari. Kitanisubiri, tutazikwa pamoja."

"Na hii lubisi tuliyokwisha kukamua, tuifanyeje?"

Kokubanza akameza kidonge kwa maji, wote wakimtazama koo.

"Kunyweni. Ila atakayelia, namtoa nje."